Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Ombi la Msamaha kwa Ajili ya Umusambi

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Jamhuri ya Burundi.

Mheshimiwa,

Najua meza yako imejaa mambo mazito ya nchi, hivyo naomba radhi kwa kukuongezea karatasi moja.

Nakuandikia kuhusu korongo taji, umusambi wetu. Tangu mwaka 2012 shirika la uhifadhi la IUCN limemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi anamojenga kiota vinageuzwa mashamba, na makinda yake hukamatwa yangali hayajui kuruka, yakapelekwa kupamba bustani za hoteli na za wenye uwezo. Kiriri ninakoishi ni mtaa wa bustani pana. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu linatugusa kwanza sisi wa huku mlimani.

Afugwaye hupunguzwa manyoya ya mabawa asitoroke, na kifungoni huzaa kwa nadra sana. Jozi moja kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu tu, hivyo kinda likichukuliwa pengo lake halizibiki upesi.

Burundi ilijiunga na mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini mwaka 1988, na Rusizi, Ruvubu na Malagarasi zimo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu. Kwa mtazamo wangu mdogo, kilichobaki ni kumwezesha mwenye ndege kumtoa uani bila kuogopa adhabu.

Majirani zetu wa Rwanda walianza kufanya hivyo mwaka 2014. Korongo zaidi ya 200 waliokuwa wakifugwa waliandikishwa. Wenye afya wakarejeshwa porini kupitia Hifadhi ya Akagera, na wenye mabawa mabovu wakapewa makazi ya kudumu Kigali. Hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 ilipata 487. Za karibuni zimevuka 1,000.

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, nakuomba utangaze kipindi cha msamaha, na wataalamu wa OBPE, ofisi yetu ya kulinda mazingira, wawapokee na kuwapima ndege hao. Nakusihi pasiwepo malipo, maana tukilipwa leo, kesho makinda mengine yatawindwa. Kipindi kikiisha, sheria ishike mkondo wake bila kuangalia cheo cha mtu.

Ikikupendeza, tangazo hilo lianzie Kiriri. Wenye nafasi tukitangulia kutii, hakuna atakayesema sheria ni ya wanyonge.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kiriri, Bujumbura