Doa Moja, Mabingwa Wanne

Meza ikipata doa, wataalamu hawatafutwi, hujileta wenyewe. Meza yetu ya mtiki, vanishi ikiwa imeshachakaa, iliota duara jeusi chini ya kopo la maziwa ambalo shangazi alipandia mshubiri. Mtiki una tanini, kopo lina chuma. Maji ya kumwagilia yakishavikutanisha, unazaliwa weusi kama wa wino.

Shangazi akaja na jiki. Jiki ni hodari kwa chai na zambarau, lakini kwa weusi wa chuma haina ubavu. Duara halikutikisika. Kabla meza haijakauka, mjomba akaikamulia ndimu: "Asidi hutoa kutu!" Kweli, asidi hutoa kutu, ila juu ya jiki hutoa hewa ya klorini. Tulitoka mbio tukikohoa, mjomba mbele, ndimu bado mkononi.

Madirisha yalishinda wazi na meza ikasuuzwa. Zamu ikawa ya shemeji, ambaye hupika sabuni. Akapaka kostiki soda. Mbao ikaiva ikawa rangi ya kahawa. Jirani wa saluni akamimina juu yake peroksaidi ya kupaushia nywele. Povu likachemka. Wawili hao wakishirikiana huondoa hata rangi ya asili ya mbao, na kazi waliifanya: nusu ya meza ikapauka, na katikati yake duara letu likaonekana vizuri kuliko jana.

Fundi kutoka Keko alipofika akauliza swali ambalo hakuna bingwa aliyelifikiria: "Jamani, doa lenyewe ni la nini?"

Alipoonyeshwa kopo akavaa glavu, maana dawa yake ni sumu, akayeyusha unga wa asidi ya oksaliki kwenye maji ya moto, akapaka meza nzima isije ikabaki kiraka. Duara likafifia huku tunalitazama. Akasuuza, akapitisha maji ya magadi kuua ukali wa asidi. Kesho yake akautia rangi upande uliopauka, ufanane na mwenzake, kisha vanishi.

Risiti ilikuwa na mistari miwili. Kuondoa doa: shilingi 15,000. Kuondoa ushauri: shilingi 60,000.

Mjomba aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa. Tumepigwa, akasema, mbona hatukumuuliza yeye kwanza? Anamjua fundi wa bei nafuu.