Ngeli za Watazamaji wa 42nd Street

Wanasarufi walikwisha kuzipanga nomino katika ngeli zake. Watu wanaokwenda kuitazama 42nd Street kila inaporudishwa jukwaani hawajapangwa na yeyote, na elimu haiwezi kuendelea na pengo kubwa kiasi hicho. Makala haya yanaliziba.

Kwanza, mada yenyewe. Hii ni tamthilia ya nyimbo na dansi ya kugonga sakafu. Kiatu kina bamba la chuma mbele na jingine kisiginoni, na anayekivaa ni mchezaji na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Dansi hiyo ilizaliwa Marekani, Waafrika waliofanywa watumwa walipochanganyika na Waairishi. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwapiga watumwa marufuku kuwa na ngoma, lakini miguu waliachiwa. Kisa kilianza kama riwaya ya Bradford Ropes, kikawa filamu mwaka 1933, kikapanda jukwaani New York mwaka 1980, kikafufuliwa huko mwaka 2001 na London mwaka 2017. Binti mgeni mjini, Peggy Sawyer, anaingia kundini. Nyota Dorothy Brock anavunjika kifundo cha mguu. Peggy anashika nafasi yake na kung'ara. Basi.

Ngeli ya kwanza ni Mlinganishi. Aliliona onyesho la 1980, au anamjua aliyeliona. Hutambulika wakati wa mapumziko kwa kauli yake, "Lile la kwanza lilikuwa jingine bwana." Hukueleza, hujamwuliza, kwamba mwongozaji Gower Champion alifariki siku ileile ya uzinduzi, na mtayarishaji David Merrick akautangaza msiba jukwaani makofi yakiwa bado yanarindima. Kwa bahati mbaya ni kweli, kwa hiyo hanyamazishiki.

Ngeli ya pili ni Mgongaji. Wachezaji wakipanda juu ya sarafu kubwa kama meza na kuanza kuzitwanga, kiti kilicho mbele yake nacho hutikisika. Ana umoja na wingi: umoja ni yule anayefuata mapigo, wingi ni wale wanaodhani wanayafuata.

Ngeli ya tatu ni Mwombea Kifundo. Nduguye ni mchezaji wa akiba. Humtazama nyota wa usiku huo akiteremka ngazi, naye anasali kinyume. Tusimlaumu: Catherine Zeta-Jones alikuwa wa akiba katika tamthilia hiihii huko London miaka ya 1980, na nafasi ya Peggy ikamwangukia.

Ngeli ya nne ni Msindikizaji, ambaye mara nyingi ni mume. Maneno yakianza husinzia, viatu vikianza huamka. Utafiti wetu unamwona kuwa ndiye mhakiki makini kuliko wote.

Uainishaji huu una kasoro moja. Mwanzoni pazia hupanda hadi usawa wa magoti, kisha husimama. Sura hazionekani, ni safu ya miguu tu inayotwanga sakafu kwa pamoja, na kwa muda huo ngeli zote nne huwa moja.

Hukumu: hadithi ni nyepesi, miguu inatosha. Ukienda, usinunue kiti cha safu ya mbele kabisa, maana ukingo wa jukwaa utakufichia viatu. Kaa ghorofani.