Jaribio la Saa Saba Usiku

Jumatatu. Ripoti ya usiku inasema jaribio moja limeanguka: tiketi haikupatikana. Ni jaribio la kununua kwenye tovuti tiketi ya basi la siku hiyohiyo, na mashine huliendesha saa saba usiku. Nililirudia saa tatu asubuhi, likapita. Nikalirudia mara nne, likapita mara zote nne. Afadhali jaribio linaloanguka kila saa.

Jumanne. Limeanguka tena. Jaribio likishindwa, pytest, programu inayoendesha majaribio, husafisha: kivinjari kinafungwa, data ya muda inafutwa, jaribio linalofuata linaanza. Nikifika ofisini nakuta mstari mmoja mwekundu basi.

Dawa yake ni neno moja kwenye amri: --pdb. Kosa likitokea, pytest inasimama palepale, kabla ya kusafisha. Kivinjari kinabaki wazi. Ukiandika p na jina la kitu unachotaka kukijua, thamani yake inatokea. Ukiandika w, unaona njia ambayo msimbo umepita hadi hapo. Lakini lazima mtu awepo kwenye kibodi, na saa saba usiku mtu huyo ni mimi.

Jumatano. Mchana nilifanya mazoezi. Nikasababisha kosa makusudi, programu ikasimama vizuri, nikaenda kwa mama lishe. Foleni ilikuwa ndefu, ikachukua nusu saa. Niliporudi nikamkuta mwenzangu mezani kwangu. "Kaka, umeshika kiti namba 12? Majaribio yetu yote yamekwama." Ni kweli. Hifadhidata ni moja kwa ofisi nzima, na jaribio langu lilisimama katikati ya muamala ambao haujafungwa, kwa hiyo kila aliyetaka kubadilisha kiti hicho alisubiri. Nikamwomba radhi, nikaandika q. Ukisimamisha jaribio, usiondoke.

Alhamisi usiku. Nilikaa ofisini. Saa sita na nusu umeme ukakatika. Ulirudi saa saba na dakika kumi, nikaanza upya, na jaribio likaanguka kama ilivyotakiwa.

Nikaandika p tarehe. Tiketi ilikuwa ya Ijumaa, sawasawa. Nikatazama kivinjari. Juu ya ukurasa tovuti ilikuwa imeandika Alhamisi.

Mashine ya majaribio inafuata saa za Dar es Salaam. Seva ya tovuti inafuata UTC, iliyo nyuma kwa saa 3. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kwetu ni leo, kwake bado ni jana. Msafiri anayetafuta basi la alfajiri saa hizo angeambiwa halipo, naye angeamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya usingizi.

Ijumaa. Marekebisho ni mstari mmoja. Yalisubiri kukaguliwa hadi saa kumi jioni.

Jumamosi. Ripoti ya usiku haina mstari mwekundu. Nimelala hadi saa nne.