Muulize Anti Ukoka: Ukingo Umeota Kipara

Wiki hii sanduku limejaa barua za watu wenye geti, pavingi na ugomvi. Anti amezisoma zote, amechagua nne. Zilizobaki zipelekwe kwa mjumbe.

*Anti, shikamoo. Pembeni ya pavingi, hapo getini, majani yamekwisha, limebaki vumbi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kipande cha nyasi bandia, nikatandika. Siku ya pili shemeji akaingia na gari, kapeti likajiviringisha kwenye tairi, akaenda nalo hadi barazani. Sasa hatusemeshani. Nifanyeje?*
— Mama wa Getini, Tegeta

Marahaba, mwanangu. Wewe ulitandika, hukujenga. Nyasi bandia hazilali juu ya vumbi. Chimba sentimita 8 hadi 10, toa udongo uliolegea, jaza kokoto ndogo na vumbi la mawe, nyunyiza maji kidogo, kisha shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Kapeti likae chini kidogo ya uso wa pavingi, vichomoze vichwa vya nyasi tu. Upande unaogusa zege paka gundi ya kazi za nje. Upande wa udongo piga misumari isiyoshika kutu, kila baada ya sentimita 15 au 20. Malizia kwa mchanga mkavu, uufagie uingie katikati ya nyuzi. Uzito wa mchanga huo ndio unaolituliza kapeti.

Hayo yote, hata hivyo, hayamtibu shemeji. Chukua futi kamba upime njia yenyewe. Gari la kawaida la familia lina upana wa mita 1.7 hadi 1.8. Njia ikiwa ya mita 2, kila upande umebaki na upana wa kiganja, na hapo dereva awe hana simu mkononi. Isitoshe, magurudumu ya nyuma hayapiti palepale yalipopita ya mbele. Kwenye kona hukata kwa ndani, na ndiyo yaliyokula majani yako. Nyasi bandia huvumilia tairi linalopita moja kwa moja, tena mara mojamoja. Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, nyuzi zinang'oka. Basi ongeza mistari miwili ya vitofali upande wa kona, kapeti lianzie baada ya hapo. Na shemeji msalimie. Njia yenu ndiyo nyembamba.

*Anti, niliweka nyasi bandia kando ya kabro. Soja wangu huzimwagia maji kila adhuhuri. Nimemweleza kwamba ni plastiki, anajibu "sawa mkubwa", kesho anarudia. Nimfute?*
— Mwenye Kabro, Kitengela

Umfute kwa kosa la kukuzidi akili? Nyasi hai hujipoza kwa maji yanayotoka majanini mwake. Plastiki haina uwezo huo. Jua likiwa kali, uso wake hupita hata nyuzijoto 60, na mtoto akikanyaga pekupeku utamsikia kabla hujamwona. Maji huupoza, ingawa kwa muda mfupi. Tena huosha vumbi, na mkojo wa mbwa ambao ukiachwa juani utakufukuza wewe kabla ya wageni. Mwambie soja atumie ndoo moja, asiache mpira ukibubujika saa nzima. Halafu mwongeze mshahara.

*Anti, kiangazi hiki majani yangu yote yamekuwa kahawia, ila ule ukanda wa plastiki kando ya pavingi umebaki kijani kibichi. Majirani wanacheka. Mke wangu anashauri tuupake rangi.*
— Baba Mwenye Aibu, Mbweni

Msimulie mkeo habari ya rangi. Mwaka 1965 mjini Houston, Marekani, ulifunguliwa uwanja wa Astrodome, umeezekwa paa linalopitisha mwanga, na ndani yake nyasi hai. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mng'ao unawapotezea mpira hewani. Paa likapakwa rangi. Mng'ao ukapungua, na nyasi nazo zikafa kwa kukosa jua. Mwaka 1966 zikatandikwa za plastiki, na jina la nyasi hizo, AstroTurf, likatokana na uwanja huo.

Wale walikuwa na udhuru: chini ya paa lile nyasi zisingeishi. Wewe udhuru wako ni upi? Jibu linapatikana kwa bisibisi ndefu. Piga goti, ichome pembeni kabisa mwa pavingi. Ikigota kwa sentimita 4 au 5, umefika kwenye zege alilomwaga fundi kuzuia vitofali visitawanyike. Udongo ulio juu yake hukauka upesi na mizizi haina pa kwenda. Hapo plastiki ni halali, ila safari ijayo chagua ile yenye nyuzi za kahawia chini, ifanane na majani yanayopata taabu. Bisibisi ikizama, hata kwa kulazimishwa, udongo upo, umeshindiliwa tu. Utifue kwa uma, changanya samadi, na masika yakianza panda vipande vya ukoka. Utatambaa wenyewe mpaka pavingini. Hauombi kitu zaidi ya jua, maji ya kuanzia, na matairi yakae mbali.

*Anti, mimi naona nitandike uwanja mzima, nimalize kazi.*
— Mvivu, Mbezi

Kwenye uwanja wa mpira wa Kaitaba pale Bukoba wametandika, lakini wenzako wana mechi. Wewe una mechi gani?

Hukumu ya wiki, basi. Nyasi bandia ni dawa ya pale ambapo udongo haupo. Pale ambapo udongo upo na tairi linaukanyaga kila jioni, dawa ni kupanua njia. Atakayeniandikia wiki ijayo ataje mambo matatu: upana wa njia yake, bisibisi ilizama kiasi gani, na nani huendesha gari akirudi usiku.