Ujanja Halali wa Kumfikisha Mtoto kwa Daktari wa Meno

Mzazi mwenzangu, sogea karibu. Mtoto akisikia "daktari wa meno" anajificha chini ya kitanda. Nawe ukifikiria aibu ya kilio chake mbele ya watu pale mapokezi, unaahirisha mpaka wiki ijayo. Usimchape, usimbebe mzobemzobe, wala usimpe hotuba. Woga wa mtoto hauvunjwi kwa nguvu, unazungukwa. Njia za mkato zipo, na zote ni halali.

1. Wahi kabla jino halijauma. Huu ndio ujanja mkuu. Mtoto anayefika mara ya kwanza na jino linalouma atapigwa ganzi, atang'olewa, na kile kiti atakichukia mpaka aote ndevu. Mpeleke jino la kwanza likishachomoza, kabla hajatimiza mwaka. Wewe na daktari mnakaa mkitazamana, magoti yakigusana. Mtoto unampakata, kichwa chake kinalala mapajani mwa daktari. Dakika chache, mmemaliza, naye ameondoka akijua kwamba pale hapaumi.

2. Ziba midomo ya nyumbani. Woga mwingi haukuanzia kliniki. Ulianzia kwa shangazi aliyesema, "Usipolala nitamwita daktari akudunge sindano." Waambie wote, kuanzia bibi mpaka dada wa kazi, kwamba daktari si fimbo ya kutishia watoto. Na kile kisa chako cha kung'olewa gego, ambacho unakisimulia vizuri sana, kihifadhi mpaka mtoto akue.

3. Usidanganye, punguza maneno. Ukisema "hutachomwa kabisa" halafu akachomwa, safari ijayo hatakuamini hata ukiapa. Sema tu, "Daktari atahesabu meno yako." Ni kweli tupu: meno ya utotoni yakikamilika huwa 20, na kuyakagua moja moja ndiyo kazi ya kwanza ya daktari. Akiuliza habari za sindano, mwambie amwulize daktari mwenyewe. Yeye anajua namna ya kulisema jambo hilo, na mara nyingi ana dawa ya ganzi ya kupaka kwenye fizi kwanza.

4. Tumia majivuno yake. Kila mtoto anataka aonekane mkubwa. Mpe kioo ashike mwenyewe. Mwombe daktari aeleze, aonyeshe, ndipo atende. Mbinu hii inafundishwa tangu 1959. Kifaa kiguse ukucha wa mtoto kabla ya kugusa jino. Kisha wapatane: akiinua mkono, kazi inasimama. Atauinua mara mbili tatu kupima kama daktari ni mkweli, halafu atatulia kama bosi.

5. Ikwepe mashine. Wengi hukimbia ule mlio wa mashine ya kutoboa jino. Uliza kama jino linaweza kuzibwa bila huo mlio. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji maalumu ya meno. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa juu ya uozo ili usiendelee. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Huacha doa jeusi. Najua unawaza picha za sikukuu, lakini jino jeusi lisilouma ni bora kuliko jeupe linalomnyima mtoto usingizi.

6. Chagua saa. Nenda asubuhi, akiwa ameshiba na amelala vizuri. Mkishamaliza, mpigie bibi simu mbele ya mtoto umsifie, naye asikie kila neno. Zawadi iwe yoyote, ila isiwe pipi.

7. Njia fupi kuliko zote: meno yasioze. Dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku. Kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na punje ya njegere kuanzia 3 hadi 6. Mpigie mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 hivi. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Na usijifariji kwamba hayo ni meno ya kung'oka: magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12.

Jambo moja tu halina ujanja. Uso ukivimba, au jino likiuma pamoja na homa, nenda leo hii, alie asilie.

Kama hajafika huko, anza na ushauri namba moja. Ulizia kliniki ya meno iliyo karibu nawe inapokea watoto siku gani, umpeleke wakati bado hana linalomuuma.