Barua ya Wazi kwa Kamati ya POSIX

YAH: FOTOKOPI YA KUFULI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, majuzi nilihamisha data zangu kwa memcpy, amri ya kunakili baiti, na ndani yake mlikuwa na kufuli ya nyuzi (mutex), baiti 40 kwenye Linux yangu ya biti 64. Nilizinakili zote 40, sikudokoa hata moja. Kwenye kompyuta yangu mambo yalikwenda vizuri siku tatu. Kwenye seva, nyuzi mbili zikaingia chumba kimoja, kila uzi ukiapa umefunga mlango, na wa tatu ukalala usiamke.

Nikafungua kiwango chenu. Mmeandika kwamba itumike kufuli yenyewe. Atakayegusa nakala, matokeo yake hayajafafanuliwa. Nawapongeza kwa neno hilo. Mpangaji mwenzangu akinikuta na kopi ya kufuli ya choo cha uani, angalau atanitukana nijue nimekosa. Ninyi mmeniachia majaaliwa.

Jirani zenu wa C++ waliziba njia ya kunakili kufuli mwaka 2011. Ukijaribu kwa njia ya kawaida, kompaila inakugomea hapohapo. (Sigombanishi majirani.)

Kosa nalikiri. Keneli ya Linux huwapanga wanaosubiri kwa anwani ya kufuli, na nakala yangu ilikuwa na anwani yake. Niliifungua kwa heshima zote mbele ya mlango usio na foleni, huku watu wamelala kwenye mlango mwingine.

Kosa la pili ni tamaa. Niliiweka kufuli ndani ya faili ili idumu. Umeme ukakatika. Uliporudi, faili ilikuwepo, kufuli imefungwa, na ndani yake namba ya uzi uliokwisha kufa. Programu yangu ikapanga foleni nyuma ya marehemu hadi asubuhi. Najua tangu 2008 mna kufuli imara: mwenyewe akifa, anayefuata hupewa EOWNERDEAD, yaani cheti cha kifo, akasafisha na kuendelea. Lakini mtangaza msiba ni keneli, na usiku ule keneli nayo ilifia kwenye ajali hiyohiyo.

Ninachoomba ni kidogo: nakala ikiguswa, programu ianguke palepale, mbele za watu, mchana.

Naomba kuwasilisha.

Mpangaji wenu

Nakala: hakuna, kwa sababu mnazozijua.