Sifa za Mchango wa Shule ya Bweni

Malenga wa pwani wamekwisha kuusifu mnazi tangu mizizi hata makuti, wamezisifu jahazi na tanga zake, na masultani kwa ukarimu waliokuwa nao na hata ule waliokuwa hawana. Ila sijamsikia hata mmoja aliyeketi kitako akausifu mchango wa shule ya bweni. Hiyo ni dhuluma, maana katika vyote vibishavyo hodi katika nyumba ya Mtanzania mwenye mtoto aliyefaulu, hakuna kiingiacho kwa adabu kama hicho, hakuna kiombacho kidogo kama hicho kwa mara moja, wala hakuna kikaacho muda mrefu kama hicho.

Kwa nasaba, mchango ni mdogo wake ada. Ada ilikuwa bwana mkubwa, mwenye cheo na kipimo kilichojulikana na wote: katika shule za bweni za serikali, kwa kidato cha tano na cha sita, ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na aliyebanwa aliweza kuilipa kwa mafungu mawili. Lakini aghalabu wapinduliwao ni wakubwa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, ikarejea, ikaondolewa tena mwaka 2001. Ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ile ya vidato viwili vya juu ikaifuata kaburini mwaka 2022. Katika misiba yote hiyo mchango ulihudhuria mazishi, ukalia pamoja na wafiwa, kisha ukarudi nyumbani na funguo za marehemu. Hata Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango katika shule za serikali, ndugu huyu hakufa. Alivua kanzu ya lazima akavaa ya hiari, na tangu hapo mzazi hutoa kwa hiari yake kamili, kiasi kilichoandikwa, kabla ya tarehe iliyotajwa, kwa namba ya malipo aliyopewa.

Fadhila ya kwanza ya mchango ni elimu, nayo humpata mzazi kabla haijampata mwana. Vijana wa kidato cha tano wakishapangiwa shule, mtu wa Pangani aweza kuarifiwa kwamba mwanawe atasoma Kigoma, na wa Kigoma kwamba wake atasoma Lindi. Basi watu wazima ambao ramani ya nchi yao waliiacha darasa la saba huanza kuulizana mabasi yalalapo, na nauli ya kutoka stendi moja hata nyingine. Kisha hushuka ile fomu ya maelekezo ya kujiunga, ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa nathari bora ziandikwazo kwa Kiswahili leo, kwa kuwa haina neno la ziada: godoro, shuka jozi mbili za rangi ambayo duka la jirani halina, tranka na kufuli yake, ndoo, chandarua, fyekeo, jembe na mpini wake. Tazameni huo mpini. Mwandishi asiye na huruma angelisema jembe tu, akamwacha kijana asafiri siku mbili na kipande cha chuma kisichoshikika.

Fauka ya hayo kuna rimu ya karatasi, ambayo naistahi kuliko vyote. Rimu moja ni karatasi 500, na kidato chenye vijana 200, kila mmoja akiingia ameikumbatia ya kwake, huipatia shule karatasi 100,000. Hiyo ni shehena ambayo mnakili wa misahafu wa mji wa Siyu, na kalamu yake ya mwanzi, angeiona kuwa ni kazi ya umri wake na ya umri wa wajukuu wake. Ajabu ni kwamba ufikapo mtihani wa kwanza karatasi huwa zimeadimika, na mchango mwingine mdogo, wa kuchapisha mitihani, huja hima kuziba pengo. Fagio za chelewa nazo zina karama hiyo hiyo. Wenye ndimi kali husema kwamba huingia asubuhi kwa lango la mbele zikatoka jioni kwa lango la nyuma, zikauzwa tena kwa wazazi wa kesho. Mimi sisadiki, kwa kuwa fagio hazina miguu.

Lakini kilele cha sifa hizi ni fedha ya tahadhari, aghalabu shilingi 5,000, itolewayo kwa ahadi kwamba kijana akimaliza masomo pasipo kuvunja kitu atarudishiwa. Sijui mkataba mwingine uliofungwa kwa insafu kubwa hivi. Shule yaahidi kurudisha, nayo haikatai. Mzazi ana haki ya kudai, nayo haipotei. Na kwa kuwa nauli ya kuifuata haki hiyo ni mara kumi ya haki yenyewe, pande zote mbili huishi katika amani na heshima, bila ya mmoja wao kusema uongo.

Tena mchango huunganisha ukoo. Ada ingalimwangukia baba peke yake. Mchango, madhali umekatwa vipande vipande, hugawika: mjomba akabeba godoro, shangazi shuka, babu jembe, na mama akakopa kikobani kwa ajili ya lile fungu la walinzi na wapishi. Asiye na mjomba wala shangazi, kwake mchango hauna la kulaumiwa, maana haumfukuzi mtu. Huziachia siku kazi hiyo. Fomu yasema asiyeripoti katika siku 14 nafasi yake yaweza kupewa mwingine, na siku hizo hupita zenyewe, kwa upole, ilhali binti aliyefaulu vizuri angali anauza maandazi apate kununua tranka; hata zikiisha, hakuna mkono wa mtu uliomzuia.

Katika shule za binafsi mchango hauna haja ya kujisitiri, bali hukaa hadharani ubavuni mwa ada, ukazaa safari za masomo, picha, fulana na mahafali. Haya ya mwisho ni tadbiri ya pekee, kwamba mtu achangie kusherehekea kwamba amemaliza kuchangia. Siku hiyo, baada ya wali, wahitimu husoma risala, na risala humweleza mgeni rasmi kwamba shule haina basi. Mgeni rasmi hutoa ahadi, hupigiwa makofi, kisha huwageukia wazazi. Mmoja, aliyebakiwa na noti ya 10,000 ya kurudia kwao, huinuka kwa aibu ya kubaki ameketi. Mshereheshaji humtangaza kwa kipaza sauti, akakosea jina lake la pili, na bahasha ikapita kwa jirani.